Kumzungusha Kaka Mjini

Jumamosi, Juni 1998

Miguu inaniuma, na yote ni kwa sababu ya uoga wangu. Kutwa nzima nimemzungusha Kaka Elia hapa Moshi mjini: sokoni, stesheni, askrimu, hata studio tukapigwa picha mbele ya pazia lililochorwa mlima, na mlima wenyewe uko wazi pale nje. Kaka alicheka mpaka machozi. Mimi nilijilazimisha.

Amekuja kutoka Mwanza baada ya miaka sita. Hajui kwamba kahawa ya marehemu Baba kule Kirua nimeing'oa yote, nikapanda nyanya. Bei ya kahawa ilinikatisha tamaa. Lakini ile mibuni aliipanda Kaka mwenyewe pamoja na Baba, na Baba tulimzika humo humo.

Jioni akasema, "Mdogo wangu, mji nimeuona. Kesho asubuhi tupande Kirua kwa Baba."

Nikamjibu, "Sawa, Kaka."

Nimekata jani la isale uani, nimelipiga fundo. Kwetu, ukiletewa isale, unasamehe. Utotoni nilimpelekea Kaka mara nyingi, hakuwahi kulikataa.

Lakini utotoni nilikuwa nimemvunjia baiskeli tu.