Kengele Isipolia, Sahihi Sitii

Jumatatu, 4 Februari 1957
Nyumba ya msimamizi tena, hapa Garsen. Chai kavu, ngazi, bisibisi. Taa zinawaka mpaka chooni. Nikapima waya wa ardhi kwa betri na kengele: ncha moja kwenye plagi, nyingine kwenye nondo iliyochimbiwa nje. Waya ukishika, kengele inalia. Nyumba kubwa imelia. Chumba cha dobi uani, chenye nondo yake kwenye udongo wa mfereji, kimya. Mwezi jana kililia vizuri!

Jumanne, 5
Msimamizi anataka nitie sahihi leo kwamba umeme wa nyumba ni salama. Ijumaa ana wageni. Ati taa zinawaka, nangoja nini tena? Nikamwambia taa kuwaka si kupona. Pasi ikivujisha umeme, waya wa ardhi ndio unaoupeleka chini. Usiposhika, utapita kwa dobi, Mzee Komora, anayepiga pasi pekupeku juu ya saruji iliyolowa. Akasema mafundi wamejaa Mombasa. Na waje! Sahihi ni yangu, sitii.

Jumatano, 6
Nimeipata. Nikigusa kibano kinachobana waya kwenye nondo, kengele inalia. Nikigusa nondo yenyewe, hata baada ya kuikwangua kidogo, hailii. Nikafungua kibano. Lo! Rangi ya mafuta, mikono miwili. Mzee Komora aliambiwa apake kila kitu kwa ajili ya wageni. Mtu wa kijiji cha Chara yule, hafanyi kazi nusu. Alifungua kibano, akapaka nondo nzima, ikakauka, akakirudisha. Kazi safi, na ingemuua.

Nikakwangua kwa kisu. Akaja mbio. "We mwanangu! Rangi yangu!" Nikamweleza. Akanuna.

Chuma kikang'aa, nikakaza kibano. Kengele ikalia. Nililia na mimi kidogo, kwa hasira.

Msimamizi kaona mikwaruzo, kaamuru pale pafunguliwe, papakwe upya. Nikakaa juu ya ndoo mbele ya nondo, sikuondoka. Akasema basi, kuanzia Jumamosi sina kazi kwake. Na iwe! Ndipo nikaweka sahihi, kwa herufi kubwa.

Ijumaa, 8
Wageni wamekuja. Saa nane mchana Mzee Komora kaja kulalamika: pasi imezima, na shuka bado. Fyuzi imekatika. Nikafungua pasi. Waya umechubuka ndani, umegusa bati. Umeme ulikwenda chini kwenye ule udongo wa mfereji, yeye hakuhisi kitu. Miguu yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye vifundo. Nikaketi pale pale sakafuni. 

Msimamizi nimemwonyesha. Kaitazama pasi, karudi kwa wageni wake. Kazi hakunirudishia.

Jumamosi, 9
Nimefungasha. Mzee Komora kaleta shati langu, kalinyoosha kwa pasi ya mkaa. Bado ana kinyongo na ile rangi. Hakuniaga vizuri. Nimelivaa lingali na joto.