Kimstari Kilichopotea Kwenye Kompyuta Yako

Kaka yangu Kiprono,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako, mbele ya kompyuta yako, mwanangu amelala mgongoni. Ndiyo, nina mtoto. Najua swali lako la kwanza lingekuwa baba yake ni nani, na hilo tuliache. Ninamlea hapa Boito kwa mama, na kwa mila zetu mtoto wa msichana ambaye hajaolewa ni wa boma hili. Kwa hiyo ni wako pia.

Unakumbuka siku ulipoileta hii mashine? Ulifika kutoka Nairobi umeifunika kwa blanketi na kuikumbatia kama ndama aliyezaliwa njiani. Watu waliokuwa wakirudi kutoka kuuza majani ya chai walisimama na vikapu vyao vitupu, wakadhani umenunua televisheni. Wewe, kwa kupenda sifa, uliwaacha waamini hivyo. Ndani ya nyumba ndipo ulipotueleza kwamba ina kitu kinaitwa Linux, kwamba hakiuzwi, kwamba kimetengenezwa na watu wengi ambao hata hawajawahi kuonana.

“Hao watu hawana shamba?” mama aliuliza.

Kilichomvuta yeye ni kile kisanduku kidogo kwenye ukanda wa chini ya skrini, ule uliouita paneli. Ndani yake kimstari cha kijani kilikuwa kikipanda na kushuka. Ulisema kinaonyesha jinsi kompyuta inavyofanya kazi: ikilemewa kinapanda, ikipumzika kinalala. Mama hakuyataka maelezo yako.

“Hii kitu inapumua,” alisema. “Na kitu inapumua kwa nyumba yangu haiwezi kukaa bila jina.”

Akavuta kigoda akaketi mbele ya skrini. Unajua wamama wetu wanavyomfanyia mtoto mchanga: wanataja majina ya wafu wa ukoo mmoja mmoja, wakimnusisha ugoro, na jina atakalopigia chafya ndilo lake, maana mwenye jina hilo amerudi. Mama aliifanyia kompyuta hivyo hivyo, akiwa amekaza macho kwenye kimstari. Akamwita babu. Kimstari kimelala. Akawaita ndugu za baba. Kimelala tu, na mimi nimejiziba mdomo kwa kitambaa nisiangue kicheko. Kisha akasogeza kigoda karibu zaidi na skrini, akasema polepole, “Tabutany.”

Huyo alikuwa mama yake mzazi. Hakuwa wa ukoo wa baba, kwa hiyo hakuna mtoto wa boma hili aliyewahi kuitiwa jina lake. Nilikuona, Kiprono. Mkono wako uliteleza kwenye kipanya, ukakamata dirisha moja pale kwenye skrini na kulitikisa huku na huku, na kimstari kikaruka mpaka juu. Mama alipiga kigelegele kilichowatoa majirani majumbani. Tangu siku hiyo kompyuta ikawa Tabutany, na ole wako uiguse na mikono yenye mafuta.

Halafu ukarudi nyumbani na kile kifua. Ulisema ni baridi ya Londiani uliyoipata njiani, na sisi tukajifanya tunaamini. Ukawa wa kitandani. Ulikuwa ukiomba mlango uachwe wazi ili uione skrini ukiwa umelala, na mimi nikawa ndio mikono yako.

Siku moja mama alikuja jikoni mbio, bakuli la uji wako likiwa bado mkononi.

“Tabutany amenyamaza.”

Nilienda kutazama. Kisanduku kilikuwa pale kwenye paneli, lakini ndani yake hakukuwa na kitu, weusi mtupu. Mama alisogea nyuma yangu. Alitazama skrini, akatazama mlango wa chumba chako, akakaa kwenye kigoda na bakuli lake. Hakuna aliyehitaji kuniambia kwamba nisipokirudisha kile kimstari, hataweza tena kukuangalia usoni bila kulia.

“Tulia,” ulisema kutoka kitandani. “Kwanza tujue kama hiyo programu iko hai.”

Ukanitajia herufi za kuandika, ukikohoa katikati, nami nikaziandika. Majina ya programu zote zinazoendelea kufanya kazi yakajipanga kwenye skrini, na la kile kipimo lilikuwamo.

“Iko,” nilisema.

“Basi si kufa, ni kutoonekana. Itoe kwa paneli, urudishe.”

Nikaitoa, nikairudisha. Kisanduku kikaja kitupu vile vile. Ukasema labda paneli imekuwa nyembamba mno kikakosa nafasi, niinenepeshe. Nikainenepesha mpaka ikawa kama mkanda wa mzee mwenye kitambi. Hakuna. Ulicheka nilipokwambia hivyo, na kicheko kikakugeukia kikohozi, na mama akainuka akatoka nje. Nilimwona dirishani amesimama katikati ya michai, havuni chochote.

Nilikuja kukaa kando ya kitanda chako nikikuambia nimeshindwa. Wewe ulikuwa umefunika macho kwa mkono, kwa sababu mwanga wa dirisha ulikuwa ukikuumiza. Hapo ndipo nilipokumbuka. Siku chache kabla uliniomba nigeuze rangi zote za skrini ziwe nyeusi isipokuwa maandishi, zisikuchome macho, nami nikageuza zote bila kubagua. Kimstari hakikuwa kimekwenda popote. Kilikuwa kinachorwa kwa weusi juu ya weusi. Kilikuwa kinapumua gizani.

Nilipokueleza, ulifunga macho ukatabasamu. “Kipe kijani chake,” ulisema. “Kijani ya chai. Halafu uite mama.”

Nikakipa. Mama aliingia na tope miguuni, akaona kimstari kinapanda, kinashuka. Akaisogeza meza yote peke yake mpaka mlangoni pako ili na wewe ukione vizuri. Kisha akakaa akakulisha ule uji, na uliumaliza wote.

Uliondoka kabla ya mvua kubwa. Siku ya mazishi nyumba ilijaa watu, na katikati ya vilio nikaona kompyuta imesahaulika inawaka, na kimstari kinaruka pale pale kama kawaida. Nilikichukia, Kiprono. Niliichomoa ile waya ukutani kwa hasira, na kwa miezi mingi sikuiwasha. Nakukosa mpaka sasa. Nakukosa hasa jioni, wakati wa kukamua ng'ombe, ulipokuwa ukija kunisumbua na hadithi zako zisizoisha.

Jumamosi iliyopita wamama walikuja kumpa mwanangu jina. Nilimpakata mimi. Walimwita babu, wakawaita wazee wengine wa ukoo, na mtoto akawa anawatazama tu. Shangazi mmoja alisema wewe usiitwe kwanza, ulikufa kijana, hukuacha mke wala mtoto. Mama alimpita akaja kwangu. Aliinama karibu na sikio la mtoto akaliita jina lako, na sauti ikamkatika katikati.

Nilikuwa nimeficha ugoro wangu kidogo kwenye kucha, mbali na ule wao. Niliupeleka puani pa mtoto, akapiga chafya, moja kubwa, ikamtoa machozi. Nyumba nzima ilipiga vigelegele.

Wageni walipoondoka, mama alikuwa anaosha vikombe, hakunigeukia.

“Uliweka ugoro mingi. Ungemuumiza.”

Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha vikombe.

“Hata Kiprono,” aliendelea, “ile siku ya Tabutany, niliona mkono yake kwa ile panya.”

“Na hukusema, mama?”

“Niseme nini? Mimi niliita mama yangu, na mtoto wangu akaniitikia.”

Leo nimeiwasha kompyuta kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kimstari kiko, kijani ya chai, kinapanda kidogo kila ninapobonyeza herufi. Kiprono mdogo ameamka anataka kunyonya, kwa hiyo ninakuacha hapa. Pumzika, kaka. Mlango nimeuacha wazi.

Dada yako, aliyekuwa mikono yako