Buluu ya Kitambaa ya Libérata

Papa Hubert,

Maharagi iko ku moto, ongeza maji. Mbuzi ufunge mbali na makabichi. Miye naenda kwa mama. ~~Sirudi.~~ Nitarudi kesho.

Leo asubui ulisema unatafuta tu rangi ya kupaka pale uliziba mashua. Basi juu ya nini Libérata, ule jirani yetu, avue kitambaa yake ya kichwa mbele yako? Eti iko buluu sawasawa na mashua! Ukachanganya buluu na nyeupe, ukapaka ku kibao, mukangoja ikauke, ukalinganisha na kitambaa, ukaongeza nyeupe tena. Na kucheka, mulicheka! Miye tangu Noeli naomba rangi ku mulango, unaniambia kuchanganya rangi inachokesha.

Najua umerudi kutwala kopo ya ile rangi. Usihangaike kuitafuta, iko tupu. Kweli, Papa, mukono yako inajua kazi: ile buluu ni nzuri, na imeenea mulango yangu yote ya inje. Ya mashua utachanganya ingine, kama Libérata atakuazima tena kichwa.

Kumbe nimesahau kukuambia, haijakauka. Angalia mukono yenye umesukumia mulango.

Mama Hubert