Taa ya Nyuma ya Afande

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mapenzi yote ya mtu aliyebaki na ndugu mmoja tu duniani. U hali gani huko? Kile kikohozi kimekuacha? Na shemeji mtarajiwa je, hajambo? Mpe pole mapema, maana anaoa mtu anayekunja nguo za wenzake kabla hawajazivua. Mimi mwili ni mzima, ila nyumba imekuwa kubwa mno. Tangu uondoke nazungumza peke yangu. Juzi nimeikaribisha redio chai. Usicheke. Au cheka tu, nijue kuna anayecheka.

Barua yako nimeipata. Unataka Afande, lile gari la jeshi la marehemu Baba, ndilo likupeleke harusini, tena likiwa na taa zake zilezile za zamani, si za kubandika. Nilifurahi mpaka nikavaa ovaroli palepale.

Upande wa kulia wa nyuma, pale lori lilipomgonga Baba, nimeshaunyoosha. Nikahamia kwenye taa ya kushoto, iliyosalimika. Wewe mambo haya hukuwahi kuyajali, basi nikueleze. Ndani ya kopo lile moja la taa mna taa mbili. Ya juu ni kubwa, ya barabarani, nayo kwa nyuma ni hiyo moja tu gari zima. Ya chini ni mwanya tu, taa ya maficho ya vitani, inawaka kama ncha ya sigara ili adui asilione gari. Swichi ya mbele ndiyo inayochagua ipi iwake. Nyuma ya kopo nyaya mbili zinachomekwa kwenye matundu mawili yanayofanana kabisa, na nyaya zenyewe, kwa uzee, zote zimekuwa rangi ya matope.

Kabla ya kuzing'oa niliunga betri, nikaweka swichi kwenye taa za barabarani, nikazunguka nyuma. Dada, taa kubwa haikuwaka. Kilichowaka ni ule mwanya.

Nilidhani macho yananidanganya. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha balbu. Mwishowe nikalala chali sakafuni, nikafuata waya kwa kidole kutoka kwenye swichi hadi kwenye kopo. Nyaya zilikuwa zimepishana, wa taa kubwa umechomekwa tundu la mwanya. Tepu ya bluu iliyozifunga ni yangu, na mkono uliozifunga ni wangu. Tangu ajali hakuna mwingine aliyezigusa; gari lilivutwa likafungiwa bandani, na ufunguo ninao mimi.

Unamkumbuka dereva wa lori alivyojitetea mahakamani. Aliapa kwamba giza lilikuwa linaingia na hakuona taa yoyote mbele yake. Wewe ulisimama ukamwita muuaji, tena mwongo, mpaka askari akakuomba ukae. Mimi nikatoa ushahidi kwamba taa zilikuwa zinawaka, kwamba nilizifunga na kuzipima mwenyewe siku ileile, na kwamba mimi ni fundi. Hakimu akaniamini. Yule mtu akafungwa miaka mitano, na huu ni wa pili.

Sasa nisikilize, maana hili sijawahi kulitamka hata kwa redio. Sikuzipima. Kupima taa ya nyuma kunataka mtu ashuke, azunguke, atazame kwa macho yake. Baba alikuwa na haraka, nami nilikuwa na uvivu. Niliona wekundu kidogo ukutani nyuma ya gari, nikafunga kisanduku cha vifaa. Baba akaniuliza kama nimezunguka nyuma. Nikamwambia nimezunguka. Akanipigapiga begani, akasema fundi wake hamdanganyi, akaondoa gari. Sikumwona tena akiwa hai.

Nikwambie ukweli wote: nilitaka kuzirudisha zile nyaya mahali pake. Ni kazi ya dakika mbili, nani angejua? Wewe ungepanda Afande na shela lako, tungepiga picha. Nilizishika mkononi muda mrefu sana, nikalia kama mtoto. Kisha nikaziacha vilevile. Jana nimeandikisha maelezo polisi. Nikapita kwa mke wa yule dereva, nikamweleza mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango taratibu.

Kesho mpelelezi anakuja na fundi mwingine kulikagua gari. Kwa hiyo Afande hatakuja harusini, na huenda mimi pia nisije, kwani kumdanganya hakimu si mchezo. Tafuta gari jingine, dada, na mtu mwingine wa kusimama nawe mahali pa Baba. Hapo ndipo panaponiuma kuliko jela.

Ukikasirika, kasirika. Niandikie matusi kurasa kumi, nitayasoma yote. Usininyamazie tu, nakuomba, sina mwingine.

Msalimie shemeji. Wengine wakiniulizia, waambie nipo.

Mdogo wako, kama bado unanihesabu,

Spana