Viatu Mlangoni Kwa Bi Mwajuma

Mama,

Shikamoo. Ulinifundisha kwamba salamu haidai jibu, kwa hiyo naitoa, nami nitaendelea kuitoa.

Nimekuja kwako na shauri moja tu. Wanataka kukunyang'anya jina.

Jengo ninalolisema unalijua, maana ulilitangulia. Kabla halijawa maduka lilikuwa ghala la korosho la shirika la umma, pale Temeke, nawe ulikuwa ukiwauzia makuli chai na vitumbua kando ya lango. Shirika likafa. Zikaja zama za ruksa, Bwana Abbas akalinunua ghala, akalitandika vigae, akapanga maduka chini ya paa moja, ili mtu anunue kitenge, redio na dawa ya meno bila kukanyaga tope. Juu ya paa akaandika jina la Kizungu kwa taa. Sisi chuoni tuliliita hekalu la ulanguzi. Mimi mwenyewe nilipanda juu ya kiti cha bwalo nikahutubia kwamba ghala la wananchi limegeuzwa kioo cha kujitazamia matajiri, na wenzangu wakapiga meza. Sijutii neno hata moja.

Lakini jina lile la taa halikushika, na sababu yake ni wewe. Siku ya ufunguzi, watu walipoiona sakafu inang'aa, walivua viatu mlangoni kama wanaoingia msikitini. Kandambili za Chamazi, raba za wapagazi, viatu vya bibi mmoja aliyetoka Goba kuja kushangaa tu. Vyote vikalundikana kizingitini. Vijana wa dukani walicheka mpaka wakaegemea kuta. Bwana Abbas akakuita: "Bi Mwajuma, hebu waambie hapa si msikitini." Ukamjibu, "Aliyevua viatu kwako amekupa heshima, Bwana Abbas. Utamrudishia kicheko?" Kisha akakwambia uhamishie meza yako ya chai ndani, ubavuni mwa mlango, nawe ukakaa hapo ukivipanga viatu vya watu. Tangu hapo makondakta wakawa wanaita, "Kwa Bi Mwajuma, wapo?" na mji ukafuata.

Niliuonea wivu mji ule, Mama. Kila likizo nilikukuta umechoka kwa kuitwa mama na watu nisiowajua. Na zaidi ya mji nilimwonea wivu Zuhura, mtoto wa shoga yako wa Kimbiji, uliyemchukua akusaidie kukanda unga ukaishia kumfundisha kila ulichokijua. Mimi nilisoma vitabu. Yeye alikusoma wewe.

Sasa hata arobaini yako hatujaisoma, naye amekalia kiti chako. Juzi nimemsikia kondakta akiita, "Kwa Zuhura, wapo?" Nikamsahihisha: "Ni Kwa Bi Mwajuma." Akanitazama kwa huruma. "Sista, huyo si kashafariki? Sie tunashusha kwa aliye hai."

Nilishuka nimejiandaa kama mtu anayekwenda mdahaloni. Nikiwa kizingitini nilimkuta Zuhura anachuja chai. Nikamwambia kwamba jina la mtu si kibanda, halirithiwi kwa kulikalia. Kwamba historia ya jengo hili haitaandikwa na midomo ya makondakta. Kwamba mwenye damu yupo na bado anapumua. Hakuacha kuchuja. "Da' Rehema," akasema, "mie sijamwambia mtu aniite. Nimekaa tu pale Mama alipokaa."

Akasema Mama. Mbele yangu.

Kabla sijamjibu waliingia wanawake wawili wageni, wamejifunga khanga safi. Wakaitazama sakafu, wakatazamana, wakavua kandambili. Mlinzi akaguna kwa kicheko. Zuhura akaweka chujio chini, akainama, akazigeuza kandambili zile zielekee nje, ili wenyewe wakitoka wavae na kwenda zao bila kujizungusha.

Hapo ndipo uliponichoma. Tangu naanza darasa la kwanza, kila asubuhi nilivikuta viatu vyangu kizingitini vimeelekezwa nje, nawe ukisema, "Anayeondoka ageuziwe njia." Nilidhani ni yetu wawili. Niliamini kwamba katika dunia nzima yupo mtu mmoja anayeinama kwa ajili ya miguu yangu. Kumbe ulimwinamia kila aliyepita. Wakubwa wanahubiri mageuzi redioni, nasi tunawajibu kwa mageuzi yetu chuoni. Na wewe mageuzi yako yalikuwa haya ya kandambili, ukayagawa bure kwa mji mzima, ukamwachia Zuhura ufundi wake. Mimi ukaniachia nini? Nimekuuliza, Mama.

Hoja zangu sikuzimaliza. Nilivua viatu vyangu, vile vya kamba ulivyoninunulia nilipochaguliwa chuo, nikaviacha vimetazama ndani, nikaingia peku katika jengo nililoapa kutolikanyaga. Nilitembea ukumbi mpaka mwisho. Sakafu ni ya baridi, hukuwahi kuniambia. Sikununua kitu. Nilirudi taratibu nikiomba awe amevisahau, nipate sababu ya kumchukia sawasawa.

Vilikuwa vimeelekea nje. Na kamba alikuwa amezilegeza, kama ulivyokuwa ukizilegeza wewe.

Nikavaa. Sikumshukuru.

Pumzika, Mama. Usinitarajie niupoze wivu huu upesi, maana ndani yake bado nakuona unavyoinama. Ila nakuahidi: maadamu nina sauti, nitashuka Kwa Bi Mwajuma na si kwingine, hata makondakta wanicheke, hata nibaki wa mwisho kulitamka jina hilo. Kiti nimemwachia Zuhura. Jina sijamwachia. Viatu vyangu nitamwachia avigeuze, kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki anayejua.

Mwanao wa kumzaa,
Rehema