Baba Analala Hotelini

Lima, 11 Julai 1998

Binti yangu Yeny,

Pokea salamu za baba yako, umgawie Wilmer sehemu yake, na sehemu kubwa zaidi umpe mjukuu wangu Yoel, ambaye sijamtia machoni tangu azaliwe. Mimi ni mzima. Koo limeshikwa na ukungu wa hapa, lakini naambiwa mwezi wa Julai hakuna mtu wa Lima mwenye koo zima, kwa hiyo nimeshakuwa mwenyeji. Wewe je? Kile kifua chako cha utotoni kimekuacha? Mtoto anakula?

Usishtuke kuona nimeandika Lima. Shangazi yako Eulalia aliniletea habari kwamba Yoel ameshaanza kuongea na mwezi huu mnamkata nywele zake za kwanza, na kwamba ulisema, "Baba akitaka kuja, aje." Maneno hayo niliyageuza huku na huku kama mtu anayechagua kiazi sokoni. Sikuona shimo. Nimekuja.

Najua tangu ulipoondoka na Wilmer bila baraka yangu, mimi na wewe tumekuwa watu wa kupelekeana salamu kwa mdomo wa Eulalia. Sikuja kuyafukua hayo. Nimekuja kwa nywele.

Sikutaka kuwasumbua. Nasikia nyumba yenu ni vyumba viwili, na kimoja Wilmer hulaza bajaji yake. Kwa hiyo nimechukua chumba hotelini, huku La Victoria, karibu na stendi ya mabasi ya kwetu. Inaitwa Hoteli Mandhari ya Bahari. Bahari sijaiona. Dirisha langu linatazama ukuta, na ukuta unanitazama mimi. Ufunguo wameufunga kwenye kipande cha gogo ili mgeni asiondoke nao. Ukiutia mfukoni unatembea kama mwenye nyonga mbovu. Karatasi za chooni hutolewa mapokezi, na mwenye hoteli, Mama Herminia, mjane wa kutoka Puquio, hukutazama usoni kwanza akadirie haja yako.

Barua hii inaletwa na jirani yangu wa chumba, Bwana Abelino, anayeuza mablanketi katika soko la kwenu Villa María. Nimemwambia akutafute kwenye meza ya mboga. Nijulishe siku na saa, nije. Nina jibini na viazi vikavu vya nyumbani.

Baba yako,
Leoncio


Villa María, 13 Julai 1998

Kwako Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Kifua changu kizuri na mtoto anakula. Natumaini na hoteli inakutunza vizuri.

Barua yako imenifikia mbele za watu. Huyo Bwana Abelino ana sauti ya kunadia mablanketi, na kwa sauti hiyo hiyo aliuliza, "Nani hapa ni binti wa mzee Leoncio anayelala hotelini?" Mama Felícitas wa kuku aliacha kunyonyoa, akaniambia, "Yeny, baba'ko yupo Lima na analala hotelini? Kwani wewe umekufa?"

Baba, huku hata mtu asiye na kitanda humlaza mgeni wake sakafuni, kisha yeye mwenyewe akalala karibu na mlango. Ndivyo ulivyonilea. Baba anayelala hotelini wakati binti yake yupo mji huo huo ni baba aliyefukuzwa, au ni baba anayeona kinyaa. Watu watachagua wenyewe, na kwa nilivyowasikia wameshachagua. Kama nyumba ya Wilmer haikufai, ungesema ukiwa huko huko.

Shughuli ya nywele tumeisogeza mbele. Nitakujulisha.

Mwanao,
Yeny


Lima, 16 Julai 1998

Mwanangu Yeny,

Salamu tena, na pole kwa maneno ya sokoni. Mimi sijambo. Koo lile lile.

Nilikosea. Nilidhani hoteli ni adabu. Huko nyumbani niliona nimefanya jambo la kistaarabu kabisa, hata Eulalia nilimwambia kwa kujisifu, naye akaniangalia tu bila kusema kitu. Sasa ninajua alikuwa anafikiria nini. Angesema.

Nilipopata barua yako nilikusanya vyote nilivyo navyo, mfuko na jibini, nikaja. Dereva wa basi alinishusha kabla ya mlima, nikaupanda kwa miguu. Jirani yenu wa mlango wa bluu alikuwa anafua. Akaniuliza, "Mzee, wewe ndiye wa hotelini?" Kwa hiyo habari imenitangulia hadi mlimani.

Nilibisha. Hakuna aliyefungua. Lakini nilisikia sauti ya mtoto ikisema, "Mama, kuna mtu." Kisha ikanyamazishwa. Ni sauti nzuri, haina woga. Nilikaa kidogo nione kama itasema tena, haikusema. Jibini nimemwachia jirani wa mlango wa bluu.

Nimerudi hotelini kwa sababu sina pengine. Sasa nimekwama: nikibaki hapa ninakuaibisha, nikija tena watasema nimekuja kwa kuwa soko limenisukuma. Niambie wewe lipi.

Baba yako,
Leoncio


Lima, 24 Julai 1998

Mwanangu Yeny,

Ni matumaini yangu kwamba ukimya huu ni wa kazi, si wa ugonjwa. Mtoto naomba uniulizie hali yake, kisha ujijibu mwenyewe kwa niaba yangu.

Jibu sijapata, nami sidai. Naandika kukupa habari nyingine, na mwisho wake ni onyo.

Mama Herminia amenunua mtungi wa kupashia maji ya kuoga. Wageni walikuwa wanalalamika, hasa wale wa kutoka milimani, ambao nyumbani huoga maji ya barafu lakini wakifika Lima huwa watu laini. Fundi kaufunga darini. Sasa, unavyojua, kitu kipya hakitumiki kabla hakijabatizwa, na hakibatizwi bila baba wa ubatizo, na baba wa ubatizo hununua riboni, chupa ya kuvunjia na bia ya watu wote. Siku aliyotangaza, hoteli ilikuwa tulivu kama kanisa siku ya Jumatatu. Abelino alitoka kwenda kuuza mablanketi, siku ya manyunyu, bila mablanketi.

Mimi nilikamatwa kwenye ujia nikitoka kuoga, sabuni jichoni.

"Mzee Leoncio, wewe ni mtu mzima."

"Mimi ni mtu mwenye taulo, mama."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Nani atayafurahia maji moto kuliko anayetetemeka?"

"Mimi sikai sana hapa. Ninahama."

"Unahamia wapi?"

Ndivyo nilivyokuwa baba wa ubatizo wa mtungi.

Padri aliiona ngazi ya kupandia darini akakumbuka mgonjwa. Basi sala aliisoma Abelino, kwa sauti ile unayoijua, hadi mtaa wa pili wakaitikia amina. Mimi nilipewa nyundo ndogo yenye riboni. Chupa ilikataa, nikaongeza nguvu, povu lote likamwendea fundi usoni, kwa hiyo fundi alibatizwa kabla ya mtungi. Nikatoa hotuba. Nikauambia mtungi uwe mwaminifu, usimchome mtu, na usimwache mtu na povu masikioni. Tukacheza hadi miguu ikalowa. Kuoga kwa kwanza ni haki ya baba wa ubatizo. Maji yalikuwa moto kwa muda wa kusema Baba Yetu, kisha yakakumbuka yapo Lima.

Tangu siku hiyo mama huyu haniiti tena mzee, ananiita kumpadre, nami namwita kumadre, maana waliobatiza kitu pamoja ni ndugu, na undugu huo hauvunjwi. Sasa nakula jikoni kwake. Karatasi ananipa bila kunitazama usoni.

Jana alikuwa anakoroga supu, akaniuliza, "Kumpadre, mbona huendi kwa binti yako?" Nikamweleza yote. Akazima jiko, na supu haijaiva. Akauliza meza yako iko upande gani wa soko. Mimi sikumwambia. Abelino alimwambia.

Hilo ndilo onyo. Ni mwanamke mpana, mwenye kofia nyeusi.

Shayiri imeiva huko nyumbani. Eulalia anaandika kwamba nisiporudi karibuni ndege watavuna kwa niaba yangu. Nimemjibu asubiri kidogo.

Baba yako,
Leoncio


Villa María, 30 Julai 1998

Baba yangu,

Shikamoo. Koo linaendeleaje? Chemsha majani ya mkalitusi, ujifunike kichwa na blanketi uvute mvuke. Abelino anayo mablanketi, akuazime, amenisumbua vya kutosha.

Kumadre wako amekuja. Alikuja siku soko limejaa, baada ya sikukuu ya uhuru, akapita katikati ya nyanya zangu kama basi.

"Wewe ndiye Yeny?"

"Ndiye."

"Mimi ni kumadre wa baba yako."

"Baba hana kumadre Lima."

"Alikuwa hana. Tumebatiza pamoja."

"Mmembatiza nani?"

"Mtungi wa maji moto."

Mama Felícitas alicheka hadi akamwachia kuku, ikabidi akimbizwe. Kumadre wako akamgeukia, hakupandisha hata sauti. "Wewe wa kuku, maliza kwanza kukimbiza, ndipo ucheke. Mtungi wangu umebatizwa kwa sala na riboni. Wanao je?" Mama Felícitas akanyamaza. Mimi kumwona Mama Felícitas ananyamaza ni mara ya kwanza.

Kisha akawageukia wote, meza zote mbili za viazi na ile ya samaki. "Nimesikia hapa mnasema kumpadre wangu analala hotelini. Hoteli ni ya wageni. Kumpadre akija mjini hulala kwa kumadre wake, na asipolala kwake ni matusi kwa kumadre. Nani hapa ana desturi tofauti? Aseme, tujifunze."

Hakuna aliyekuwa nayo. Muuza samaki alikohoa. Ndipo Mama Felícitas, kuku kwapani, akatoa hukumu kama hakimu: "Kwa kumadre si hotelini." Na wote wakaitikia kwamba ndiyo, kwa kumadre si hotelini, na mmoja akaongeza kwamba yeye tangu mwanzo alishangaa.

Baba, mimi najua, na wewe unajua, kwamba kitanda ni kile kile na ukuta ni ule ule. Lakini soko limeridhika. Na mimi nilikuwa nimeshachoka kuwa na hasira, nilikuwa sioni pa kuiweka tu.

Jibini tumekula. Yoel anauliza kila siku kama yule mtu wa mlangoni atarudi.

Nywele ni Jumapili, tarehe 9 Agosti. Njoo na kumadre wako.

Mwanao,
Yeny


Lima, 2 Agosti 1998

Mwanangu Yeny,

Salamu kwako, kwa Wilmer, na kwa huyo anayeuliza maswali. Koo limefunguka. Sijui ni mkalitusi au ni barua.

Nimemwandikia Eulalia kwamba ndege wapewe shayiri, nitakula kitu kingine. Kumadre ameshapeleka kofia yake kupigwa brashi. Abelino naye anasema amealikwa. Sijui na nani, sijataka kuuliza.

Nina ombi moja. Hamjasema mkasi wa kwanza atashika nani. Ninajua baba wa nywele hukata kwanza, kisha ndugu na majirani wanafuata, kila mmoja kishungi chake. Ninajua pia hapa mjini watu hupenda kumchagua mtu mwenye nafasi, na kama mmeshamwahidi tajiri anayemiliki bajaji ya Wilmer, sitanung'unika, nitapanga foleni na wengine na kukata nitakachobakiziwa. Lakini kama bado, naomba mkasi huo nipewe mimi. Sina hoja ya kutetea ombi langu. Nataka tu.

Nimejizoeza kwenye nyuzi za pindo la blanketi la Abelino. Nilikuwa naanza kuelewa, akanifukuza.

Baba yako,
Leoncio


Villa María, 5 Agosti 1998

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Sote wazima. Yoel ana mafua kidogo lakini hayamzuii kuongea.

Mkasi wa kwanza sikupi. Usiikunje barua, endelea kusoma.

Wilmer alikwenda jana kwa Mama Herminia na mkate na kuku, kumwomba awe mama wa nywele. Hukumwona kwa sababu ulikuwa umekwenda stendi, na nilimwagiza amkataze kumadre wako asikwambie, nilitaka uyapate kwangu. Mama Herminia amekubali. Wilmer anasema alilia kidogo, kisha akauliza kama watachinjwa simbilisi wa kukaanga au ni supu tu. Watakuwepo simbilisi.

Baba, mkasi wa kwanza hupewa mtu wa nje ili kuanzia hapo awe ndugu. Nikikupa wewe, nikufanye nani? Ungekuwa mtu wa kutafutiwa undugu nisingekasirika vile kuhusu hoteli.

Wewe nimekuwekea kazi nyingine. Watu wakipita na mkasi karibu na masikio yake, mtoto lazima apakatwe na mtu, akae asitikisike tangu kishungi cha kwanza hadi cha mwisho. Wilmer hawezi, akiona mkasi karibu na mwanawe anageuza uso. Mimi nitakuwa jikoni. Utampakata wewe.

Shida ni kwamba Yoel hapakatwi na asiyemjua. Hupiga mayowe mpaka mlango wa bluu waje kuuliza. Kwa hiyo usisubiri Jumapili. Njoo kesho na mfuko wako, ulale hapa, akuzoee. Asubuhi huamka kabla yetu, na hupanda kitanda cha yeyote anayemkuta amelala. Ukisikia miguu baridi, usishtuke. Sogea tu, umpishe.

Mwanao,
Yeny