Yaya, Kioo cha Pikipiki Kimetulia

Yaya Béa, dada yangu mkubwa, uliye Kolwezi,

Nilimpoteza abiria wangu wa kwanza Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, mwaka jana, asubuhi, pale gari za Kolwezi zinapojaza watu. Abiria huyo hakuwahi kulipa hata safari moja. Ulikuwa wewe. Ulishuka kwenye pikipiki yangu, ukageuza kioo kwa mara ya mwisho, ukafunga vizuri kitambaa chako cha kichwa, ukaniambia: "Ni wiki mbili tu, mudogo. Naenda kuona nyumba ya bwana yangu, kisha nitarudia kutwaa vyombo." Harusi yako ilikuwa bado mbichi, sikubisha. Wiki mbili hizo sasa zinaingia mwezi wa nane. Vyombo viko kwangu. Sufuria kubwa tunaitumia, usiseme sikukuambia.

Usidhani nalia. Maisha yangu ni mazuri. Nakuandikia hapa, watu wote wasome, kwa sababu kwenye simu unaniponyoka.

Unakumbuka siku pikipiki ilipofika? Nilikuwa nimebeba makala, magunia ya mkaa, kwa baiskeli miaka minne, kutoka njia ya Mulungwishi hadi mtaa wetu wa Panda, kilima kwa kilima, mpaka goti likaanza kuongea. Sikumpakia mtu kabla yako. Ulipanda ukakaa upande, ukanigonga begani kama mtu anayemwita bosi: "Twende, patron." Tuliposimama tu penye lami, uliinama juu ya bega langu, ukakivuta kioo cha mkono wa kuume kikutazame wewe.

"Yaya, kioo ni ya kuangalia nyuma!"

"Na minye niko wapi? Si niko nyuma?"

Nikangoja umalize kufunga kitambaa, nikakirudisha kioo, tukaondoka.

Kila Jumapili ilikuwa hivyo, kutoka Panda hadi kanisani. Tukisimama, unavuta kioo. Ukimaliza kujipamba, mimi nakirudisha. Kikaanza kulegea, kikacheza, kikapiga kelele kama kijiko ndani ya kikombe cha bati. Watu walijua tunapita kabla hawajatuona. Mke wangu Nadine akisikia mlio ule, anaweka motoni maji ya bukari, ugali wetu.

Mimi nikakaza. Kila jioni nilitoa kle, spana yangu ya kumi na nne, nikaifunga nati ya chini ya kioo kwa nguvu zote, kuelekea upande uleule ambao nati zote za dunia hii zinafungwa. Asubuhi kioo kinacheza zaidi. Nikabana kipande cha mpira wa baiskeli chini ya nati. Kioo kikatulia hadi kwenye reli, kisha kikaanza tena. Nikakulaumu wewe na mikono yako.

Siku hiyo ulikuwa umeketi uani ukichambua sombe, majani ya muhogo. Hukuinua hata kichwa.

"Ni weye unailegeza."

"Minye? Na kle mukononi?"

"Kila siku minavutaka huku, kwangu, inalegea. Nikisukuma kule, inashika. Weye unakazia wapi?"

Nikatazama mkono wangu. "Huku."

"Basi, patron. Huku ni kwangu."

Nikazungusha kinyume. Nusu mzunguko tu, nati ikauma. Kumbe kwenye pikipiki ile nati ya kioo cha kuume inafungwa kinyume cha ile ya kushoto, na mimi tangu nilipoinunua nilikuwa nafungua nikidhani nafunga. Ulicheka mpaka sombe ikamwagika. Nadine akatoka ndani kuuliza nani amekufa.

Watu husema nilijijenga mwenyewe, na mimi husema hivyo bila haya. Lakini nati ile ni yako.

Sasa kioo kimetulia. Abiria wa siku hizi wanalipa na hawagusi kitu. Malori ya madini nayaona yakiwa bado mbali nyuma yangu. Shida moja tu: nafika mlangoni kimya, Nadine anashtuka, maji bado hayajawekwa motoni.

Na kuna mtu mwingine ndani ya nyumba, hujamwona. Binti yangu ana paji lako la uso na anavuta kila kilicho karibu. Atabatizwa mwisho wa mwezi huu, na nimekuomba uwe mama yake wa ubatizo. Mara ya kwanza ulisema "tutaona." Mara ya pili, "tutaona." Mara ya tatu simu ilikatika, lakini "tuta" niliisikia.

Najua kinachokuzuia. Na mimi nilimsikia shangazi siku ya harusi yako, akisema mwanamke ambaye hakuzaa analeta mkono mukavu kwenye maji ya ubatizo. Nilimjibu palepale, na hadi leo hanisalimii. Sijapungua uzito. Mkono huo anaousema ndio ulionishika kuvuka reli nilipokuwa naenda shule, na hukuuachia hata niliposema nimekua. Mtoto wangu hahitaji tumbo lako, yaya, tumbo alishapata la mama yake. Anahitaji mkono.

Katekista anafunga orodha ya majina Ijumaa hii. Dada yake Nadine yuko tayari, nguo ameshashona. Ni mtu mwema. Simtaki.

Ukikubali, nitakuja kukupokea palepale uliponiacha, na kioo utakigeuza unavyopenda mpaka nyumbani. Kle ninayo mfukoni, na upande wa kufungia naujua. Ukikataa, niambie kwa mdomo wako, nitaubeba mzigo huo kama nilivyobeba makala. Lakini "tutaona" ya nne nitaihesabu kuwa hapana.

Nipigie Ijumaa, kabla ya kengele ya jioni. Utamshika mtoto wangu, ndiyo ama hapana?

Mudogo wako,
dereva wako wa bure